Majogoo Tabata, Mitetea Temeke

Yustina alirudi kwa kaka yake na sanduku la bati na kanga alizovaa, na hakuna aliyemuuliza yaliyomkuta huko Ndanda kwa mumewe, maana kila mtu alikuwa ameshayasikia. Ndoa ilikaa miaka bila mtoto, mume akaleta mwanamke mwingine nyumbani, na mama mkwe akasema mbele ya wageni kwamba shamba lisiloota halistahili palizi. Leonardi, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa seremala katika karakana moja ya Keko na alikuwa amejijengea nyumba ya udongo ya vyumba viwili kule Temeke. Alimwonyesha dada yake chumba cha nyuma, akatundika mlango siku hiyo hiyo, na habari ya ndoa ile haikutajwa tena.

Yustina akapata kazi ya udobi na usafi kwa mama mmoja wa Kizungu huko Kurasini. Ndiko alikokutana na kuku wale.

Hakuwahi kuona kuku wa namna ile. Jogoo alimfika magotini, mweupe, shingo yake imechorwa michirizi myeusi kama aliyevaa tai, mkia mweusi, na miguu imefunikwa manyoya tangu mapajani hadi kwenye vidole. Alikanyaga taratibu kama bwana harusi anayechelea kuchafua suruali. Yule mama aliwaita Burama. Watu wa Temeke, walipowaona baadaye, waliwaita kuku wa soksi, na jina hilo ndilo lililokaa.

Mwaka uliofuata Uhuru, yule mama alifunga mizigo kurudi kwao. Mpishi alipata jiko la mafuta, mtunza bustani akapata kitanda cha chuma. Yustina alipoulizwa anataka nini, akaonyesha kidole bandani. Wenzake walimcheka njia nzima. Alifika nyumbani na jogoo mmoja na mitetea watatu ndani ya tenga, na Leonardi naye akacheka hadi akakaa chini. Lakini Jumapili baada ya misa alitoa msumeno wake.

Banda alilojenga lilikuwa zuri kuliko nyumba yao. Aliliinua juu ya nguzo, akalitandika mbao chini na bati juu, na kila Jumamosi alileta gunia la maranda ya mbao kutoka karakanani, amelifunga nyuma ya baiskeli. Maranda yale ndiyo yaliyokuwa roho ya ufugaji wenyewe. Kuku wa soksi akikanyaga tope la masika, tope hugandia manyoyani, likikauka huvunja unyoya, na mwisho kidole kinaoza. Kwa hiyo mvua ikinyesha hawakutoka. Yustina aliwainua mmoja mmoja, akawapakata, akawakagua miguu. Wakiingiwa na utitiri chini ya magamba, aliwapaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo. Mayai hakuwaachia wayaatamie wenyewe, maana ni wazito na huyavunja. Aliwawekea kuku wa kienyeji. Vifaranga wakianguliwa, aliwageuza miguu juu, akawatenga wale wenye manyoya hadi kidole cha kati. Hao ndio wa mbegu. Waliobaki walikuwa wa sufuria.

Miaka ile ndugu wale wawili walikuwa kitu kimoja. Jioni walikaa kwenye benchi mbele ya banda, Leonardi akivuta sigara yake, Yustina akichambua mchele, na jogoo mkubwa akipita mbele yao Leonardi alimwamkia kama mkuu wa wilaya wa enzi za Mwingereza, "Shikamoo Bwana Shauri." Bombani wanawake walisema Yustina analea kuku kwa kuwa hana wa kumlea. Yalimfikia. Yalimchoma. Lakini akirudi nyumbani na kuwakuta kuku wake wamesimama mlangoni wakimngoja, aliona angalau kuna kitu duniani kilichoongezeka kwa mikono yake.

Kisha Leonardi akaoa. Mkewe, Auleria, alikuwa binti wa Bukoba, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mwenye kusema polepole kama anayepima kila neno. Hakuwa na ubaya. Ila harufu ya kuku ilimshinda, na tangu aingie nyumba ile hakuwahi kukanyaga bandani. Jikoni sasa kulikuwa na wanawake wawili. Yustina alijirudisha nyuma hatua kwa hatua, hata akajikuta mahali pake pa kujivunia ni banda peke yake.

Mwaka baada ya Azimio, Leonardi alisikia kwamba kwenye maonyesho ya Sabasaba kutakuwa na shindano la kuku, na humo wamo kuku wa urembo. Akasema wampeleke Bwana Shauri mdogo, mjukuu wa yule wa Kurasini. Yustina hakulala vizuri tangu siku ile. Alimwogesha jogoo kwa sabuni ya unga kwenye karai la maji ya uvuguvugu, akamsugua miguu kwa mswaki, unyoya kwa unyoya, akamkausha juani kwenye mkeka safi, akamfunga miguu kwa vitambaa mpaka saa ya kuingia uwanjani. Kilemba chake alikipaka vaselini kikang'aa.

Jogoo akashinda. Alipoitwa mwenye kuku, aliyepanda jukwaani ni Leonardi, amevaa suti yake ya harusi. Yustina alibaki nyuma ya banda la maonyesho, ameshika tenga tupu, anacheka peke yake. Hilo la kupanda jukwaani halikumuuma. Kaka ndiye mkubwa, na banda alijenga yeye. Akaona mtangazaji mmoja anamsogezea Leonardi kipaza sauti, na maneno hayakumfikia kwa kelele za watu.

Aliyasikia jioni. Mtaani kwao mwenye redio alikuwa jirani yao Mfaume, na kibaraza chake kilijaa watu waliokuja kumsikia mtu wao. Yustina aliwekewa kigoda mbele. Sauti ya Leonardi ikatoka, nyembamba kidogo, ikieleza maranda, mafuta ya nazi, mayai kuwekewa kuku wa kienyeji. Mtangazaji akamuuliza kazi yote hiyo anaifanya na nani.

"Tunawafuga mimi na mke wangu," ikasema redio. "Mke wangu ndiye anayewapenda sana."

Kibaraza kizima kikamgeukia Yustina. Mfaume, mtu mwenye haya, akainama akapunguza sauti ya redio, na kitendo kile cha huruma ndicho kilichomuumiza kuliko maneno yenyewe.

Yustina aliinuka. Alikwenda akafunga banda kama kawaida. Asubuhi alimwambia kaka yake kwamba anahama, kuna mama mmoja wa parokiani, Margareta, ana shamba la mikorosho Tabata na amempa pembe ya kuishi. Leonardi alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, akadhani ameelewa. Akasema kwa hasira kwamba yeye hamfungi mtu kamba; akitaka kwenda aende, na kuku ni nusu kwa nusu, achague mwenyewe nusu yake.

Yustina akaingia bandani. Alipotoka alikuwa amebeba majogoo. Majogoo wote wanne, hakubakiza hata mmoja.

"Nusu ni nusu," alisema. "Majogoo wangu, mitetea wako."

Leonardi alisimama pale na kikombe cha chai mkononi. Neno moja lingetosha, lakini hakulitoa, na Yustina hakumngojea alitoe.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, kwa kuwa ugomvi wao haukai. Ugomvi huu ulikaa. Huko Tabata Yustina alijenga vibanda vinne vya miti, maana majogoo wakikutana walipigana hadi damu, na asubuhi waliwika wote pamoja wakamwamsha kila mtu wa mikoroshoni. Alipata kazi ya kupika kwenye bweni moja la vibarua. Akawa anangoja. Mtetea bila jogoo wa aina yake si mbegu, alijiambia, lazima kaka atakuja. Alimngoja kabla ya Kwaresima, akamngoja baada ya Pasaka. Akasikia kwamba Leonardi ameazima jogoo wa kawaida wa Mfaume, na vifaranga wanaotoka wana vinyweleo vichache tu miguuni, kama ndevu za mvulana. Alifurahi kusikia hivyo. Kisha naye akawapa majogoo wake matembe wa kienyeji, akapata vinyweleo vile vile.

Siku moja mchana alimwona mtu anakuja kwa miguu kati ya mikorosho, mjamzito, amebeba kapu lililofunikwa kanga. Alikuwa Auleria. Viatu vyake vya ualimu vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Aliweka kapu chini, akafunua. Ndani walikuwa mitetea wawili wa soksi, safi, wadogo, wa mbegu halisi, wa mwisho kuzaliwa kabla ya kugawana. Mikono ya Auleria ilikuwa na alama za kudonolewa.

"Nimekuletea, wifi," alisema.

"Amekutuma?"

"Hajui kama nimekuja. Nitamwambia wameibiwa."

Yustina aliwatazama wale mitetea. Mmoja wao alikuwa amemlea mwenyewe kiganjani. Kunyoosha mkono tu, na kizazi kile kingeendelea. Lakini aliona pia kwamba akiwapokea, Leonardi hatakuja kamwe, maana hatakuwa na la kumleta.

"Warudishe," alisema. "Mwambie aje mwenyewe."

Auleria hakubisha. Alilifunika kapu, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaondoka. Yustina alimtazama mgongo hadi alipopotea, na hakumwita.

Msimu ule ule kideri kilipita Temeke. Kilianza bandani kwa Mfaume, kikaruka ua, na mitetea wa soksi wakafa wote, vichwa vimepinda. Aliyemletea Yustina habari alikuwa Margareta, aliyezisikia kanisani. Yustina alikwenda kuketi nyuma ya vibanda vyake. Majogoo walikuwa wanawika.

Wakaondoka mmoja mmoja, wawili kwa uzee, mmoja kwa kicheche. Ulipofika mwaka wa njaa, watu wakipanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, alikuwa amebaki mmoja. Kwenye mkutano wa tawi mtu fulani alisimama akauliza inakuwaje jogoo asiyeliwa na asiyezaa anakula pumba za wananchi. Huyo si kuku, ni kupe. Watu wakacheka. Yustina naye alicheka. Tangu hapo akawa anamlisha ndani.

Mwaka huo ndipo Leonardi alipokuja. Karakana ilikuwa imepunguza watu, naye alikuwa anahamia na familia kijiji cha ujamaa upande wa Kisarawe. Alikuwa ameota mvi. Alikaribishwa ugali wa yanga na mchicha, akala akamaliza, akaeleza habari za watoto. Jogoo alipita, mzee, kipofu wa jicho moja, soksi zake zimenyonyoka. Leonardi alimtazama, hakumwamkia.

"Ulisema mimi na mke wangu," Yustina akasema.

"Nilisema wapi?"

"Redioni. Sabasaba."

Yustina akaona usoni mwa Leonardi kwamba hafichi kitu, anatafuta kweli, na hakioni.

"Mie nilidhani mligombana na Auleria jikoni," alisema. "Yule mtu aliniwekea kile chombo mdomoni, nikasema lililonijia kwanza. Kumbe ndilo hilo?"

"Ndilo hilo."

"Si ungeniambia, Yustina."

"Si ungeniuliza."

Yustina akaondoa vyombo. Alimsindikiza mpaka barabarani. Jogoo alikufa masika yaliyofuata, na Yustina akaendelea na kuku wa kawaida, wanaokanyaga tope wasidhurike.

Sikukuu za Krismasi Leonardi alikuja mara moja moja kutoka kijijini, pamoja na mkewe na watoto. Waliongea habari za mvua na za korosho. Habari ya lile kapu haikutajwa na Leonardi hata siku moja, na Yustina akatambua kwamba Auleria hakuwahi kumwambia mumewe, si alipokwenda wala aliporudi na ule ujumbe wa aje mwenyewe. Zaidi ya mara moja alitaka kumshukuru, au kumwomba radhi, hakujua lipi litangulie; lakini kila mara Leonardi alikuwa ameketi pale pale katikati yao. Basi wakati wa kuagana alimwekea wifi yake mayai kwenye kikapu, akayapanga vizuri na maranda, na Auleria alipokea kwa mikono miwili, akasema asante, wakaenda zao.