Siku Nilipoosha Adesi kwa Karai la Dhahabu

Nikisema siionei aibu siku ile nitakuwa nadanganya, maana mpaka leo nikipita penye watu wanaochambua nafaka huwa naharakisha mwendo, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla Shija hajawasimulia kwa kutia chumvi.

Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Masanja, akawa hana maziwa ya kutosha, mtoto analia usiku kucha. Dresa, yule mhudumu wa zahanati, akasema ale adesi, mchuzi mzito, kwa ugali wa mtama, nguvu zitarudi na maziwa yatatoka. Na mama mkwe alikuwa njiani kutoka Ushirombo, ametanguliza maneno kwamba akimkuta bintiye amekonda atamchukua yeye na mtoto warudi naye kwao. Niliogopa sana, siwafichi.

Nikanunua adesi dukani, zina vijiwe tele. Sasa, kuchambua kwenye ungo ilikuwa kazi ya wanawake, na majirani zangu pale kambini walikuwa wanaume wa mgodini wasiojua kufunga mdomo, nikaona nitaumbuka. Ndipo nikapata akili (wakati ule niliiita akili): kazi yangu ni kuosha mchanga wa dhahabu kwa karai, mkono wangu unasifika Geita nzima, vijiwe vya adesi ndivyo vitanishinda? Nikamimina adesi na maji kwenye karai, nikachuchumaa uani, nikaanza kuzungusha.

Shija, mwenzangu wa kazini anayekaa nyumba ya pili, akaona karai linazunguka Jumapili nyuma ya nyumba ya mtu, akajua nimepata kitu. Akaja na wenzake, akaniinamia sikioni.

"Ng'wanawane, mwanangu, umeipata wapi?"

Ningesema ni adesi, mambo yangeishia hapo. Lakini walinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata, kichwa kikavimba, nikawaambia watulie wamwone fundi. Nikazungusha, nikainamisha, nikatikisa, na mkono ukafanya kama unavyofanya kila siku ya kazi: chepesi cha juu kikamwagika, kizito cha chini kikabaki. Nikawainulia karai. Ndani mlikuwa na vijiwe visafi, vinang'aa, bila hata punje moja ya adesi. Adesi zilikuwa kwenye matope na kuku walishafika.

Kabla hawajamaliza kushangaa, mama mkwe akaingia uani na mzigo wake kichwani. Kwa mila zetu sikuruhusiwa kumtazama wala kumsemesha, basi nikageukia ukuta, karai mkononi, nasikia kila neno na siwezi kujitetea. Akamuuliza bintiye, aliyekuwa mlangoni na mtoto, mumewe anafanya nini pale. Shija (ahsante sana, Shija) akawahi kujibu kwamba alikuwa anamwandalia mzazi chakula, sasa chakula amekimwaga na mawe ameyaweka.

Mama mkwe akatua mzigo, akasema, "Funga nguo zako, mwanangu, twende."

Nikawa naomba kimoyomoyo mke wangu akatae, na badala ya jibu nikasikia kicheko, kile nilichokuwa sijakisikia tangu ajifungue, akacheka mpaka akakaa kizingitini.

"Mama, nikiondoka, huyu atapika hayo mawe."

Mama mkwe akajikaza, akashindwa, akacheka naye. Kisha akafukuza kuku, akawaamuru Shija na wenzake wapige magoti waokote adesi punje kwa punje (waliokota, nani angembishia), akazisafisha, akazipika mwenyewe kwa karanga, na mke wangu akamaliza bakuli lote. Mimi niliutazama ukuta mpaka walipoingia ndani kula, mgongo unaniuma, nimefurahi kuliko siku ya harusi.

Tangu hapo niliapa: siandai chakula cha mtu kabla ya kumuuliza kipi kinaliwa na kipi kinamwagwa, na nauliza kwa sauti, anayetaka kucheka acheke.