Aliyezaliwa Kuziba Pengo

Msusi huyu, ambaye wateja walimwita Mkono Mwepesi, alizaliwa kuziba pengo. Dada yake alifariki akiwa mdogo. Mwaka uliofuata akaja yeye, na mama, bila kumuuliza mtu, akampa jina la marehemu, nguo za marehemu na kikombe cha marehemu. Watu wakasema Mungu amemfuta mama machozi. Watu husema mengi.

Basi akakua akilinganishwa. Akiimba, aa, mwenzako alikuwa na sauti. Akinyamaza, mwenzako alikuwa mchangamfu. Na marehemu hakosei, jamani. Utashindana vipi na mtu ambaye hajavunja sahani tangu azikwe? Hata uji aliunywa bila sukari kwa kuwa mwenzake hakupenda sukari, mpaka akawa mtu mzima asiyejua yeye mwenyewe anapenda nini.

Saluni yake ilipakana na kanisa dogo, ukuta kwa ukuta. Siku moja, vidole vimezama kwenye nywele za mke wa mchungaji, alimsikia mama huyo akisema kwamba Mungu humjua kila mtu kwa jina lake. Aliacha kusuka.

"Na sisi tulio wawili kwenye jina moja, je?"

Yule mama akageuka kitini, akamtazama usoni. Wateja hawana kawaida hiyo. Wao hutazama kioo.

"Mungu hachanganyi watu, mdogo wangu. Njoo tu."

Alikwenda. Akajifunza kusali, akalia kilio cha miaka yote, na kwa mara ya kwanza akajiona mtu, si kiraka. Akaomba abatizwe kwa jina jipya, alilolichagua mwenyewe. Sasa alitaka kitu kimoja tu: mama amwite kwa jina hilo, hata mara moja, kabla hajafa.

Siku ya ubatizo mama alikaa mbele kabisa. Mchungaji alipolitamka lile jina jipya, mama alisimama, akajitanda mtandio wake, akatoka. Nyumbani alisema neno moja tu.

"Umemuua mara ya pili."

Tangu hapo chakula cha binti yake hakukigusa. Alikula kwa jirani, hadi maradhi yalipomlaza, kisha hakula kabisa. Msusi alisuka mchana, jioni akasali kando ya kitanda, akimwomba Mungu alainishe moyo wa mama. Moyo haukulainika. Mama aligeukia ukutani.

Asubuhi moja akafungua macho, akatabasamu, akalitaja jina la marehemu.

"Ni wewe, mwanangu?"

Msusi alikuwa ameshika bakuli la uji. Angeweza kusema hapana. Alitamani sana kusema hapana.

"Ni mimi, mama."

"Umerudi."

"Nimerudi."

Mama akala, kijiko baada ya kijiko, mpaka bakuli likawa tupu. Kisha akamvuta mkono, akanong'ona.

"Na yule mwingine, aliyekuwa akikaa humu ndani? Ameshaondoka?"

"Ameondoka."

"Afadhali. Alinichosha. Mwambie asirudi."

"Nitamwambia, mama."

Msusi akatoka kwenda uani, akapiga magoti, akakuta hajui asali kama nani. Akalitaja jina lake la ubatizo kwa sauti, amwambie Mungu, asije naye akasahau. Akalitaja tena. Ndani, mama akaita lile jingine, naye akaitika.