Siku Niliyokula Keki ya Walezi Wangu

Mwaka huu nimegundua kwamba mtu akikosa wazazi, watu wazima huanza kugombania hiyo nafasi, ilimradi kuwe na kipaza sauti karibu.

Kabla ya hapo nafasi ilikuwa wazi na hakuna aliyeitaka. Bibi yangu alipofariki, mwenye nyumba alitupa muda wa kumaliza matanga, halafu akapaka chumba rangi na kumpangisha mtu mwingine. Nikawa nalala kwa wasichana wa darasani kwetu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, nikiwaambia wazazi wao kwamba bibi amesafiri. Aliyenigundua ni mwalimu wa Kiswahili. Alisema insha zangu zote, hata ile ya faida za misitu, zilikuwa zinaishia na mtu anayetafuta pa kulala. Hakuitisha kikao. Jioni moja ya mvua alinipeleka Sekei, hapahapa Arusha, kwa mjane mmoja anayefuma sweta za shule kwa mashine, akamwambia, "Mama, kaa naye wiki moja tu, wakati natafuta pa kumweka."

"Wiki moja ya kalenda ipi?" yule mama akauliza bila kusimamisha mashine. Halafu akanitazama. "Haya ingia, unaniletea baridi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kukaribishwa. Majirani wanamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaa, na mimi nikafuata majirani. Wiki ile haijaisha mpaka leo, na sasa niko kidato cha nne.

Yeyo hana maneno matamu. Nikikohoa ananiambia, "Sikulishi ili ufe kwa mafua." Nikipata maksi nzuri anasema, "Na wenzako walipata ngapi?" Lakini usiku wa Julai, baridi ya mlimani ikishuka, naamka nakuta blanketi lake liko juu yangu na yeye amejifunika sweta za shule za watu. Asubuhi anazikung'uta, anazikunja, anazipeleka kwa wateja. Nisingependa wateja wasome hapa.

Basi mwaka huu shule yetu ikaunda Kamati ya Kuwasaidia Wanafunzi Wanaoishi katika Mazingira Magumu. Jina lilikuwa refu mno, kwenye fulana za wanakamati lilianzia mgongoni likaishia mbavuni. Fulana zilitangulia, msaada ulikuwa unafuata. Siku ya kwanza mwalimu wa zamu alisimama paredi akatangaza kwa kipaza sauti kwamba majina yetu ni siri, kwa ajili ya utu wetu, halafu akayasoma moja moja tupite mbele.

"Oya dada, tumekuwa mastaa," alininong'oneza msichana wa kidato cha tatu niliyesimama naye. Huyo anakaa Terrat kwa baba yake mdogo, na mdomo wake haujawahi kuishi katika mazingira magumu hata siku moja. Mimi niliangalia viatu vyangu. Mbele za watu sauti yangu huwa inaondoka, sijui inakwendaga wapi. Na mtu mzima akiniuliza kitu chochote, jibu linalotoka ni moja tu: ndiyo.

Mwenyekiti wa kamati ni mama mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mtu wa Kilimanjaro, ana jumba Olasiti lenye geti linalojifungua lenyewe. Aliniita ofisini kwa mkuu wa shule.

"Unajua kupika mtori, ile supu yetu ya ndizi?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza. Jina langu aliliuliza baadaye.

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Na watoto wadogo, wanakupenda?"

"Ndiyo," nikasema, ingawa sijawahi kuwauliza.

"Utanifaa," akasema, kisha akamgeukia mkuu wa shule. "Yaani, sisi tutamfaa yeye. Dada wangu wa kazi ameondoka, nina wajukuu watatu pale ndani, nyumba imekuwa kubwa, imepoa. Nikasema moyoni, kwa nini nisilee yatima? Mungu ametubariki ili tubariki wengine."

Mkuu wa shule akasema nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Pembeni alikuwepo afisa ustawi wa jamii, mama aliyechoka kabisa, simu mbili mkononi na zote zinaita. Yeye ndiye anayetakiwa kumwandika mlezi wangu rasmi, kwa sababu kwa yeyo nilikuwa nimewekwa tu, kama mzigo stendi.

"Jamani, mimi nina watoto kata nzima," akasema. "Kwenye hafla yenu ya kugawa magodoro si kutakuwa na keki? Basi, atakayelishwa keki kama mzazi, mbele ya jamii, huyo ndiye nitakayemwandika. Mzazi hujulikana kwenye keki."

Nilidhani ametania. Hakuna aliyecheka. Na nikifikiri vizuri, huku kwetu ni kweli. Iwe kipaimara, iwe mahafali, iwe birthday ya mtoto ambaye hata kukaa hajui, keki ikikatwa wa kwanza kulishwa ni mzazi. Wa pili huwa anatabasamu kwa shida, na wa tatu anatafuta funguo za gari.

"Umefurahi?" mkuu wa shule akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. Moyoni nilikuwa nalia. Nilitaka kubaki Sekei na hakuna kingine nilichotaka duniani, na kilichotakiwa ni kufungua mdomo tu.

Nyumbani nilimweleza yeyo. Alisimamisha mashine, kitu ambacho huwa hafanyi mpaka umeme ukatike.

"Wewe unataka kwenda?"

"Sijui," nikasema. Nilikuwa nimeshindwa kusema hapana hata pale, kwenye chumba cha watu wawili.

"Kule utapata chumba chako peke yako. Hapa unalala na mashine." Akaanza kuvuta nyuzi ambazo hazikuwa zimekatika. "Mimi sishindani na mtu mwenye geti linalojifungua. Langu mpaka ulipige teke."

Akaiwasha mashine, ikakwaruza mpaka tunalala.

Mazoezi ya hafla yalisimamiwa na mwalimu wa michezo, ambaye ndiye angekuwa MC. Alitupanga kwa urefu, akatufundisha namna ya kupokea godoro: mkono mmoja chini, mwingine juu, uso kwa mpiga picha.

"Mnatabasamu mno," akalalamika. "Mfadhili ataona hamna shida. Nataka tabasamu, lakini la huzuni."

"Hilo linauzwa wapi, mwalimu?" akauliza yule wa Terrat. Akaambiwa akimbie uwanja mara mbili.

Siku yenyewe bwalo lilipambwa kwa vitambaa mpaka harufu ya maharage ikajisikia mgeni. Magodoro yalipangwa jukwaani, sisi tukapangwa mbele ya magodoro. Mgeni rasmi alikuwa mzee mmoja Singasinga mwenye duka la vipuri mjini. Yeye ndiye aliyetoa magodoro yote, na ndiye aliyezungumza kwa kifupi kuliko wote. Alisema, "Babu yangu alifika Arusha hana pa kulala. Alipewa. Basi na ninyi laleni," akakaa. Waliobaki walizungumza kwa niaba yake. Mkuu wa shule alieleza historia ya shule, mwenyekiti akaeleza historia ya mwenyekiti, na mara nne nilionyeshwa kwa kidole kama mfano. Pilau ilipoa ikiwa imefunikwa, tunainusa.

Yeyo alikuja. Alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, amevaa kitenge chake cha kanisani. Meza kuu hakukaribishwa. Kwenye ratiba alikuwa ndani ya "wazazi wengine".

Kisha ikaletwa keki. Ilikuwa na umbo la nyumba, paa la chokoleti, na mlango wa sukari uliofungwa vizuri. Mwenyekiti ndiye aliyeiagiza. Nikaitwa niikate kwa sababu ni mimi mkubwa kuliko wenzangu.

"Binti yetu sasa anamlisha mzazi wake!" MC akapaza sauti. "Mzazi ni nani? Mzazi yuko wapi? DJ, angusha mziki!"

Nilikata kipande cha ukuta, nikakichoma kwa kijiti. Nikaanza na mgeni rasmi, maana itifaki ni itifaki. Yule mzee akainama kidogo.

"Mwanangu, mimi usinilishe," akaninong'oneza. "Nina kisukari, na mke wangu yule pale ananiangalia kama trafiki."

Nikahamia pembeni hatua moja. Hapo mkuu wa shule akarekebisha tai na kufungua mdomo. Mwenyekiti, aliyekuwa kiti kinachofuata, naye akafungua wake, tena akainua kidevu ili picha itoke vizuri. Midomo miwili ilikuwa wazi mbele yangu, na kila mmoja alijua wake ndio. Afisa ustawi alikuwa nyuma yao, ameacha simu zake, anatazama.

Nilitazama nyuma ya bwalo. Yeyo hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia mlango, kama mtu anayepima mvua itakatika saa ngapi. Naapa nilitaka kwenda. Niliona njia yote ilivyo, katikati ya viti, kamera, watoto waliokaa chini, na macho ya shule nzima. Miguu ilikataa. Wimbo ukaisha, DJ akaurudia. Keki ikaanza kuning'inia kwenye kijiti, na mimi nimefundishwa na bibi, na yeyo akarudia kunifundisha, kwamba chakula hakidondoshwi.

Nikaiweka mdomoni mwangu.

Bwalo lilinyamaza hata mziki ukaonekana unapiga kelele. Mdomo wa mkuu wa shule ulifungwa kwanza. Wa mwenyekiti ulijifunga wenyewe polepole, kama geti lake.

"Jamani..." MC akasema, akitafuta pa kushika. "Jamani! Amejilea mwenyewe!"

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Yule wa Terrat alipiga vigelegele. Mgeni rasmi alicheka mpaka akafuta macho. "Mwacheni ale," akasema. "Keki si ya watoto?"

Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia afisa ustawi bila kushusha sauti, akamwita Mungu kwa Kichaga. "Ruwa wangu! Huyu hapana. Mtoto anajilisha mbele ya wakubwa? Nina wajukuu mimi, wanatakiwa kujifunza adabu. Namshukuru Mungu amenionyesha mapema."

"Tutamwonya, mama," mkuu wa shule akasema haraka.

Afisa ustawi akanisogelea. "Wewe. Kwani ulikuwa unataka kwenda Olasiti?"

Kama mdomo wangu ungekuwa mtupu, ningesema ndiyo, na shikamoo juu yake. Najijua. Lakini ulikuwa umejaa keki, na keki yenyewe ilikuwa kavu kama tofali la dukani kwa mwenyekiti. Nikatikisa kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia mtu mzima, na sikutumia neno lolote.

"Unataka kubaki unakokaa?"

Nikaitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma.

"Sasa mbona hukusema siku zote hizo?"

Nikaendelea kutafuna. Akanitazama, akawatazama wale walezi wangu wawili waliokuwa wameanza kubishana nani alipanga itifaki, akapumua. "Nitakuja Jumamosi nipaone," akasema, na simu zake zikaanza kuita tena.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na godoro kichwani, yeyo na sahani ya pilau aliyoifunika kwa kitambaa cha mapambo alichokitoa sijui wapi.

"Nilikuwa nataka kukuletea wewe ile keki," nikasema hatimaye. Chini ya godoro ni rahisi kusema, mtu haonekani uso.

"Mbona ulisimama kama nguzo ya umeme?"

"Watu walikuwa wengi."

"Ungeniita, ningekuja." Akatembea kidogo. "Na ningekuzaba kofi. Unakula mbele za watu hujanawa." Ndipo akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi aweke pilau chini, kwenye ukuta wa watu, ajishikilie. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Wiki hiyohiyo mwenyekiti alipata dada mpya wa kazi kutoka kijijini kwao, na hamu yake ya kulea yatima ikatulia. Fulana bado anavaa.

Jumamosi afisa ustawi alikuja kweli, viatu vimejaa tope la Sekei. Alikaa kwenye stuli akaanza kumuuliza yeyo maswali, na yeyo akamjibu huku anafuma.

"Mtoto ana mahali pa kulala?"

"Hilo hapo godoro. Si mlimpa nyie?"

"Anasomea wapi?"

"Anaposomea ndipo ulipokaa."

"Tabia yake nyumbani?"

"Haongei. Na anakula sana, ulimwona."

Afisa ustawi akaficha kicheko. Kisha akaacha kuandika. "Mama, hili siulizi kwa ajili ya ofisi. Wewe mwenyewe, unataka akae hapa? Maana ulipewa wiki moja."

Mashine iliendelea kukwaruza mpaka mwisho wa mstari. Yeyo akainuka, akafungua begi lililo juu ya kabati, akatoa sweta ya kijivu ambayo sikuwahi kuiona, akamwekea mapajani.

"Ya kidato cha tano," akasema.

"Lakini mama, hata mtihani hajafanya. Hujui atapangiwa shule gani. Kama sare yao ni nyekundu?"

"Nitafumua," yeyo akasema, akarudi kwenye mashine. "Na wewe mtoto, mgeni amekaa hapa muda wote huo hana hata chai, unaandika nini huko?"