Sahani ya Bwana Manowari

Mwezi uliopita kazi ilinirudisha Doha, nikamwomba dereva anipitishe Al Mansoura, mtaa tuliokaa nilipokuwa mtoto. Usiniulize nilikwenda kutafuta nini. Jengo letu limebomolewa, pamebaki mchanga na uzio wa mabati. Hata tanuri la mkate lililokuwa chini yetu halipo, nilikotumwa kila asubuhi, nikaumega mkate wa moto ngazini kabla sijafika mlangoni.

Baba alikuwa baharia wa meli ya mizigo, mama akifanya kazi hotelini. Miaka ile maharamia walikuwa wakiteka meli Ghuba ya Aden, na wanamaji wa nchi nyingi wakaweka kamandi ya kuzilinda. Meli za biashara zilingojeana mahali pamoja, kisha zikavushwa kwa msafara. Haya nayajua leo. Wakati ule nilikuwa na miaka sita, na kila nilipouliza baba yuko na nani huko baharini, mama alijibu, "Yuko na manowari."

Basi nikampata Bwana Manowari. Nilimpa masharubu na kofia. Mtoto aliyekulia kwetu Tanga angejua kwamba manowari ni meli ya vita, lakini Kiswahili changu kilikuwa cha vyumba viwili tu, shuleni tulisema Kiingereza. Ijumaa mama akipakua pilau, mimi niliweka sahani moja ya ziada, ya Manowari, kwa siku atakayokuja na baba. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Wageni wakija, niliambiwa niwasimulie Manowari anapenda kula nini. Hakuna aliyenisahihisha. Walijichekea tu.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mtu wa Mombasa, alikuwa karani kwa wakala wa meli. Siku moja, akila sambusa zetu, alimwambia mama mbele yangu: "Shemeji, hawa manahodha wengine wana pupa, kungoja msafara hawataki. Mzee akikwambia hawangoji, nijulishe hapo hapo. Mkubwa wa ofisi yao namjua, nitampigia awazuie. Khalas, usiwe na wasiwasi."

Alhamisi moja alasiri mama alikuwa juu ya paa anaanua nguo. Simu ikalia. Sauti ya baba ilikuwa ikikatikakatika. "Mwambie mama kesho tunavuka. Hatungoji manowari. Mwambie sasa hivi, mwanangu, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia. Nilisikia kwamba wanamwacha Bwana Manowari, mgeni wangu, na kwamba mama akijua hataniacha tena nimwekee sahani. Nilimkasirikia baba. Mama aliposhuka na beseni la nguo zilizonuka jua, akauliza nani kapiga.

"Baba. Anakusalimu."

"Hakusema neno jingine?"

"Hakusema."

Kesho yake tulikula pilau, sahani ikiwa mahali pake. Meli ilitekwa siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua. Wenzake waliachiwa baada ya miezi mingi, baba hakurudi. Homa ilimuua humo humo melini, akiwa mateka. Jirani alikaa sebuleni kwetu kajishika kichwa, akirudia, "Laiti mngeniambia, shemeji. Laiti mngeniambia." Mama akamjibu kwamba mumewe hakumwambia kitu, alipiga akasalimu tu.

Ndivyo anavyoamini mpaka leo. Tumerudi Tanga zamani, na mwanangu akimsumbua bibi yake, bibi humsimulia habari za Bwana Manowari na sahani yake, wakacheka wote wawili, nami hucheka nao, mnafiki mkubwa. Kisha mama husema, "Lakini babu yako alikuwa msiri. Alinificha." Miaka yote hii amemnunia marehemu kwa kosa langu, nami nimemwacha amnunie. Majuto ni mjukuu, husema watu. Yangu yalikuwa yamekwisha zaliwa siku ile kwenye simu, na sijathubutu kuyatamka.

Nilisimama pale kwenye mabati mpaka dereva akapiga honi. Jirani naye hayupo duniani. Ukuta uliotundikiwa ile simu umekuwa kifusi, na aliyeyasikia maneno ya baba nimebaki mimi peke yangu. Nikaona haifai, leo nitamwambia. Nikampigia mama nikiwa ndani ya gari.

Akafurahi. "Umepaona kwetu? Panasemaje?"

Nikafungua mdomo.

"Panakusalimu, mama."