Nilisema Nitamvunja Mguu

Siku ile tulikuwa tumetoka Mwisenge, Musoma, kwenda Butiama kucheza mpira wa kugombea mbuzi. Mimi nilikuwaga beki, na kichwani nilishajiona kwenye timu kubwa. Wiki iliyofuata nilikuwa niende Bunda, kuna kocha alisema atanijaribu.

Kabla ya mechi tukataniana kama kawaida. Sisi watu wa ziwani na wao watu wa ng'ombe hatusalimiani bila kutaniana, ni kama kupeana mikono. Mshambuliaji wao, kijana mrefu, akaanza.

"Nyie wala dagaa, hiyo miguu au miiba ya furu?"

"Mchunga ng'ombe wewe," nikamjibu, "leo huo mguu wako nauvunja, ukachunge kwa kutambaa!"

Furu ni visamaki vidogo vya ziwani, miiba mitupu. Watu walicheka sana. Hata kaka yake alinipiga mgongoni kwa kicheko.

Kipindi cha pili nikateleza chini kuufuata mpira. Nikasikia kitu kikilia, ko! kama kijiti cha muhogo mkavu. Kijana akapiga ukelele, na mimi niliyekuwa nimelala pale nikaona mguu wake umepinda mahali pasipo na goti.

Kaka yake akaja mbio. Hakuwa anacheka tena.

"Ulisema! Si ulisema utamvunja?"

Nikatafuta mtu wa kusema ule ulikuwa utani. Hata wenzangu walitazama majani.

Tulipata gari, tukapitia kwanza polisi kuchukua PF3, ile fomu ambayo aliyeumizwa anaenda nayo hospitali. Nilikaa nyuma nimeshikilia ule mguu usitikisike. Askari akachungulia dirishani.

"Kaumizwa na nani?"

"Huyu hapa anayemshika," kaka mtu akasema.

Askari akanitazama.

"Mpira ni mpira," akasema taratibu. "Ukiingia uwanjani umekubali kugongwa. Ila hakuna aliyekubali kuvunjwa kwa makusudi. Alimtishia?"

"Uwanja mzima ulisikia, afande."

Akaandika. Akachukua na jina langu, akasema mgonjwa akipata nafuu atatoa maelezo, ndipo ijulikane kama nina kesi. Nisitoke Musoma.

Bunda sikwenda. Asubuhi nilikuwa sokoni Mwigobero nauza dagaa kama siku zote, lakini kila aliyevaa kofia nilimwona askari. Nilikosea hata kupima. Nyumbani mama akaniuliza, "Mwanangu, ulikusudia?" Nikasema hapana. Halafu nikaenda uani, nikateleza tena peke yangu kwenye vumbi, mara tatu, nne, nijue mguu wangu ulikuwa unafuata nini. Sikupata jibu, na hilo likanitisha kuliko polisi.

Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nikabeba sato wawili wa kuchemsha kwenye bakuli la mama, nikaenda wodini. Nafungua tu mlango, nakuta askari yule yule kakaa kando ya kitanda na karatasi zake. Kaka mtu yupo. Nikataka kurudi nyuma.

"Ingia," askari akasema. "Usikie mwenyewe."

Kijana alikuwa amefungwa hogo, ile plasta ngumu, hadi pajani. Hakunitazama.

"Alisema atakuvunja mguu?"

"Alisema."

Nikaweka bakuli chini.

"Ila afande," kijana akaendelea, "mimi ndiye nilianza. Nilimwambia ana miguu ya miiba ya furu. Mbona hiyo hamjaandika? Andika na yangu."

Kaka mtu akaguna. Askari akaandika, uso mkavu kabisa, neno kwa neno: miiba ya furu.

"Alifuata mguu au mpira?"

Mimi nikawa nahesabu madirisha.

"Mpira. Niliusogeza dakika ya mwisho, yeye alishakuja. Angejizuiaje?"

Askari akamsomea yote, akampa kalamu. Akasaini. "Hapa hakuna kesi," askari akasema, akakunja karatasi akaondoka. Kaka mtu akamfuata bila kuniaga.

Tukabaki wawili. Ndipo akanitazama.

"Mla dagaa, umeleta samaki mwenye miiba?"

Jibu la utani lilikuwepo, lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikaliogopa.

"Nitakutolea," nikasema.

Nikachukua bakuli, nikakaa ukingoni mwa kitanda, mbali na ule mguu, nikawa natoa mwiba mmoja mmoja.