Mama Aligawa Michembe Melini, Rafiki Yangu Akafukuzwa Kazi

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali, huku kwetu watu wanajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, nyumbani ni Lalago, ila nimepanga chumba Bariadi mjini nikisubiri kurudi kazini. Nahudumia chakula kwenye meli kubwa ya watalii. Wiki mbili zijazo natakiwa niwe melini, na begi bado sijalifunga.

Kwa wasiojua, kwenye zile meli chakula kimo ndani ya nauli. Unakula mpaka unachoka mwenyewe, unacholipia zaidi ni vinywaji. Ila kuna sheria moja haina mjadala: ukitapika au ukiharisha unasema, unakaa chumbani, hutoki mpaka daktari akuruhusu hata kama umeshapata nafuu. Ugonjwa wa tumbo ukiingia melini unaenea kama moto wa kiangazi. Na mimi ndiye ninayesimama mlangoni pa ukumbi wa chakula nikiwaambia wageni, "Nawa kwa sabuni, hiyo dawa ya kupaka peke yake haitoshi." Mimi huyo huyo.

Wafanyakazi tunaruhusiwa kumleta mzazi kwa nauli nafuu. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akanisomesha kwa jembe, kwenye pamba, peke yake. Nikasema safari hii na yeye akahudumiwe. Alipofika kupanda meli akaniambia tumbo limemchafuka tangu kwenye basi. Fomu ya afya ilikuwa inauliza jambo hilo hilo. Mama hajui kusoma, nikamjazia mimi. Nikaandika hapana.

Siku ya pili akazidiwa, akachafua mashuka. Nikamwambia twende kwa daktari, akanishika mkono. "Ng'wanone, mwanangu, nimetoka Lalago kuja kufungiwa chumbani?" Nikashindwa. Chumba chake kilikuwa kinasafishwa na rafiki yangu, tumwite Hamisi, Mtanzania mwenzangu wa Morogoro. Aliyaona yale mashuka, na sheria inamtaka atoe taarifa hapo hapo.

"Kaka, hii ndiyo kazi yangu," akasema.

"Ni mama yangu, Hamisi. Nisitiri."

Akayakunja mashuka, akamwambia mama pole, akatoka. Hakutoa taarifa.

Kesho yake mama akaamka na nguvu, anataka kwenda kula na watu. Nikampeleka. Nikamwonya asiguse vijiko vya kupakulia, nitamletea sahani mwenyewe. Nilijiona nimemaliza kila kitu. Nilichosahau ni kwamba mama yangu hawezi kula huku mtu wa jirani yake yuko peke yake. Meza ya pembeni alikaa bibi mmoja wa Kizungu, anasafiri bila mtu. Mama akahamia kwake, akamsalimia "Mwangaluka," akafungua kanga. Mle ndani alikuwa na michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, aliyoingiza bila mimi kujua. Akaumega mmoja kwa mkono wake, akampa bibi kipande, wakatafuna wote wanacheka. Nilikuwa nimesimama na sinia mkononi. Nikaona fahari, Mungu anisamehe.

Siku mbili baadaye yule bibi akaanza kutapika. Wakafuata wengine. Wageni wakakatazwa kujipakulia, ikawa sisi tunawawekea tumevaa glavu. Bibi akateremshwa bandarini kwa machela kupelekwa hospitali. Mpaka leo sijui kama alipona, na mama sikumwambia.

Wakubwa wakafuatilia, wakakuta mashuka ya chumba cha mama yameingizwa kwenye nguo za kawaida badala ya mfuko wa wagonjwa. Tukaitwa mimi, Hamisi na mama. Mama Kiswahili chenyewe anakiokoteza, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Wakasema, muulize kama wewe mwanawe ulijua anaumwa. Nikamuuliza kwa Kisukuma, makusudi, ili Hamisi asielewe. Mama akajibu kwa raha zote kwamba nilijua, nilimuuguza usiku kucha, hajawahi kuona mtoto kama mimi. Alidhani wanamjulia hali.

Nikageuka nikawaambia, "Anasema hakuniambia."

Hamisi alinitazama. Hajui Kisukuma, lakini mama alikuwa ananishika bega huku anaongea, mtoto mdogo angeelewa. Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Akasema ni uzembe wake, akashushwa bandari iliyofuata na mizigo yake.

Sasa hivi yuko kwao, hana kazi. Wiki iliyopita alinipigia. Hakunitukana, bora hata angenitukana. Alisema, "Kaka, waandikie ukweli tu, kwamba uliniomba. Wanaweza kunirudisha. Sina kingine ninachotaka kwako." Nikamwambia nitaandika. Sijaandika.

Najua mtasema naogopa kufukuzwa. Ni kweli naogopa, siwezi kuwadanganya na nyinyi. Lakini nikifukuzwa nitarudi nyumbani, na mama ataniuliza kwa nini, na itabidi nimweleze kwamba mkono wake ule uliomega michembe huenda ndio uliomlaza yule bibi. Mama yangu hajawahi kumnyima mtu chakula maisha yake yote. Kosa ni langu, ila yeye hatalisikia hivyo, namjua.

Juzi amekuja Bariadi kunisalimia. Kijiji kizima kimeshasikia habari za meli, na za rafiki yake Mzungu asiye na watoto wa kula naye. Akaweka mfuko juu ya kitanda changu, michembe ya mavuno mapya, ameifunga kwa uzi vizuri. "Mpelekee yule mwenzangu. Mwambie mimi sijamsahau."

Nikaupokea, nikasema wabeja mayu, asante mama. Mfuko uko hapa ninapoandika, na namba ya Hamisi imepiga tena asubuhi hii, sijapokea. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mkimaliza nisaidieni mawazo. Naanza na nani, Hamisi au mama?