Uzio wa Ndama

Ghati mwanangu, jana umerudi kutoka Tarime mjini umenuna, karatasi za afisa ustawi umezibana kwapani. Unataka kufungua kituo cha kulelea watoto mchana, na masharti yamekuchosha kabla hujaanza: ada ya usajili, mlezi mwenye mafunzo, choo cha watoto, maji safi, uzio. Ukasema serikali haitaki maskini apate riziki. Nikacheka, maana hayo niliyasema mimi zamani, tena kwa sauti kubwa kuliko yako.

Naikumbuka siku yenyewe hadi harufu ya uji ulioungua. Nilikuwa bado mke kijana huku Gorong'a, nina dada yako Nyangi tu, nalea watoto wa akina mama waliokwenda shamba na mnadani. Afisa ustawi, dada mpole kutoka Singida, alikuwa ameshanitembelea akasema bila uzio hawezi kunipendekezea leseni.

"Dada, hapa wote ni ndugu," nilimjibu. "Mtoto atapotelea wapi?"

Alipoondoka nilimsema hadi koo likakauka. Nguzo na waya vilikuwa ghali, na hela hiyo, sikufichi, niliitaka kwa vitenge.

Basi siku hiyo ya mnada niligeuka kutia sukari kwenye uji, kugeuka tena, Marwa hayupo. Marwa wa Boke jirani yetu, ndiyo kwanza amejua kukimbia! Na barabarani malori ya ng'ombe yanapita mfululizo. Nilipiga yowe. Sasa unajua kwetu yowe la mchana maana yake nini: wanaume walikuja na marungu na mishale wakidhani mifugo imeibwa, na baba mkwe wangu akakimbilia zizini kwanza.

Nikamsikia anaita kutoka huko, "Mkamwana! Huyu ndama mwenye shati ni wa nani?"

Marwa alikuwa amewafuata ndama wakirudishwa zizini, lango likafungwa bila mtu kumwona. Amekaa katikati yao, mmoja anamlamba kichwa, naye anacheka. Mwanangu, nilikaa chini palepale kwenye samadi nikalia kwa furaha.

Baba mkwe hakunisogelea, kwa heshima yetu ya mkwe na mkamwana. Alimkabidhi mama mkwe mtoto, akasema akiwa ametazama pembeni, "Ndama wangu nimewazungushia uzio, na ndio uliomshika huyu. Yule dada wa serikali umemtukana bure. Kesho chukua zile nguzo nilizoweka za kupanulia zizi."

Jioni Boke alirudi kutoka mnadani, mzigo bado kichwani. "Mama Nyangi, mwanangu ameshindaje?"

"Salama," nikasema, macho yangu chini. Halafu nikamweleza yote, akamkumbatia Marwa, tukacheka pamoja mpaka machozi. Leseni niliipata baadaye, uzio ukiwa umesimama.

Kwa hiyo zikunjue karatasi zako, Ghati. Kama hela haitoshi mwaka huu, anza na uzio na choo, umwambie afisa ukweli, usifungue mlango kabla hajaridhika. Mama anayekuachia mtoto ana swali moja tu jioni, na gharama zote hizo ni ili ulijibu ukimtazama machoni.

Mungu akujalie, mwanangu, kila jioni useme "salama" na iwe kweli.